Miaka Kumi na Sita Nikiwavisha Vivuli

Sikustaafu kwa kupenda. Macho ndiyo yaliyostaafu kwanza, mimi nikayafuata. Siku niliyojaribu kutunga uzi kwenye sindano mara saba nikakosa mara saba, niliukunja utepe wangu wa kupimia nikawaambia vijana wa karakana yetu ya Jang'ombe: "Haya, kiti hicho, kalieni." Wakasema sawa mzee, lakini kwanza tuandikie. Wanataka habari za wale Wajapani, maana kila mtu mtaani ana hadithi yake juu yao na nyingi ni za uongo. Yupo anayesema walikuwa mashetani. Yupo anayesema nilikuwa nikishonea sarakasi. Basi naandika mwenyewe, mimi niliyewavisha. Nilicholipwa sitakitaja. Kilitosha wali na skuli za watoto, na zaidi ya hapo hakumhusu mtu.

Naitwa Makame. Asili yetu ni Tumbatu, lakini nimelelewa Jang'ombe na shangazi yangu, Bi Mwanakhamis, Mungu amrehemu. Alikuwa akishona nguo za maharusi na kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa mkono. Mwaka mzima wa kwanza hakuniruhusu kugusa kitambaa, nilitoboa karatasi. Nikilalamika, ananigonga utosini kwa kastabini, kile kikombe cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni ili sindano isimchome. Nyinyi leo mkigombezwa kidogo tu mnanuna mpaka magharibi.

Shangazi alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kuliko zote. "Kipimo cha mtu ni amana," akinambia. "Bibi harusi akija leo na kiuno hiki, mwezi ujao akaja na kiuno chengine, weye wachia mshono, ufunge mdomo. Usiulize, usihesabu, usicheke." Niliishika kanuni hiyo. Nina madaftari ya vipimo vya watu wa mji huu ambayo nikiyafungua barazani, ndoa kadhaa zitavunjika kabla ya adhuhuri.

Nilipokutana na Wajapani nilikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na saba, nashona sare za vikundi vya taarab na mapazia ya majukwaa. Siku hiyo niliitwa Ngome Kongwe kwenye tamasha, pazia limechanika. Jua la saa nane mchana, mwezi wa pili, mnajua wenyewe. Niko juu ya ngazi na sindano yangu, nikasikia kishindo. Nikageuka. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni! Wanaume wanne jukwaani, nyuso nyeupe pepepe, midomo myeusi, ngozi nyeusi imewabana kutoka shingoni mpaka visiginoni. Mmoja kavaa gauni la harusi na gitaa begani. Magitaa yaliunguruma hata njiwa wa ngome wakahama.

Nilikuja kujua baadaye kwamba hao ni kundi la muziki wa metali, wa aina ambayo kwao huitwa visual kei. Nguo, rangi ya uso na maigizo ni nusu ya wimbo, na pengine zaidi ya nusu. Jina lao ni refu na ulimi wangu haukupata kulimudu. Maana yake ni Msafara wa Vivuli, basi kwetu wakaitwa Vivuli.

Katikati ya wimbo wa pili mpiga ngoma wao, Goro, jibaba la mtu, alidondoka kutoka kwenye kigoda chake. Joto lilimpiga. Wenziwe wakamzunguka, wakaanza kufungua kulabu za kizibao chake cha ngozi moja moja, na zilikuwa thelathini mgongoni. Niliteremka ngazi, nikawapangua, nikatia mkasi shingoni nikaikata ngozi ile mpaka kiunoni. Yule mwenye gauni la harusi, Ibuki, ambaye ndiye kiongozi wao, alipiga ukelele.

"Mtu au ngozi?" nilimuuliza kwa Kiswahili changu. Hakujua hata neno moja, lakini alinyamaza. Tukammwagia Goro ndoo mbili za maji, akafumbua macho.

Baada ya hapo binti wa tamasha aliyekuwa akiwafasiria akaniambia: "Fundi, kiongozi wao anauliza kama unaweza kukitengeneza kizibao mpaka kesho."

"Mwambie naweza, lakini sikirudishi kama kilivyokuwa. Kikirudi kama kilivyokuwa, kesho tutazika."

Nilikwenda nacho nyumbani nikakitoboa viua, kama vya kofia, chini ya makwapa na mgongo mzima, kila kitundu nimekizungushia uzi mweusi. Kwa mbali unaona nakshi. Kwa karibu upepo unapita. Siku ya pili Goro alipiga ngoma zake mpaka mwisho, akaja nyuma ya pazia akaniinamia mpaka nywele zikagusa sakafu. Sijawahi kuinamiwa na mtu mwenye misuli kama ile, nikamwambia marahaba.

Kilichobaki siku ile ni gauni la Ibuki. Wazee wa kukagua maonyesho walikuja wakalitazama wakauliza aliyemo ndani ni nani. Nikawaambia ni baba wa mtoto mmoja, na kwao hayo ni maigizo tu. Hawakuridhika. Basi nikalipasua gauni mbele, nikamshonea suruali pana ya ndani inayoonekana, wazee wakaridhika. Ibuki akaipenda suruali ile hata akabaki nayo miaka yote. Huko Japani watu wakaiga. Nasikia ziliuzwa madukani, na hakuna aliyeniuliza.

Tokea hapo wakawa wanakuja kila mwaka wakati kwao kuna baridi kali. Walikodi nyumba Bububu yenye ukumbi mkubwa wa sakafu ya saruji. Walitunga nyimbo, walifanya mazoezi, na mimi nilishona nguo za mwaka mzima. Majirani walilalamika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili watoto wa Bububu walikuwa wakitikisa vichwa kwa mpigo ule ule wakiwa njiani kwenda chuoni kusoma Kurani. Wao wakisafiri kwa ziara, nami hufuatana nao na sanduku langu.

Sasa nisikilizeni vijana, haya ni ya kazi. Nguo ya jukwaani si nguo ya harusi. Bibi harusi anakaa, hawa wanaruka. Mshono wa kwapa upigwe mara tatu. Kulabu ziwe mbele kila inapowezekana, mnakumbuka Goro. Kabla ya onyesho tungeni uzi kwenye sindano kumi na mbili, sita nyeusi, tatu nyeupe, tatu nyekundu, mzichome kwenye kola ya shati lenu. Zipu ya Ibuki iliwahi kufa katikati ya wimbo, mbele ya watu wasiohesabika. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa pazia, huku anapiga gitaa, nami nikamshona humo humo kwa kupitia tundu la pazia. Nilimchoma mara mbili. Mashabiki waliiona ile miruko yake wakadhani ni mtindo mpya, na onyesho lililofuata wakawa wanaruka nao.

Na jengine: mwanzo wa safari ulizeni mashine ya moshi iko wapi. Mara ya kwanza Japani nilikuwa nasali alasiri kwenye stoo, moshi mweupe ukaingia chini ya mlango mpaka nikawa siuoni mswala. Nilimaliza rakaa zangu nikikohoa. Tangu siku hiyo Tsuyu, mwimbaji wao, alikuwa akisimama mlangoni kwa uso wake ule wa jeneza mpaka nimalize, na hapiti mtu.

Mambo yao yalipanda, halafu yakashuka, kama ya watu wote. Mwanzo waliimba kwenye vyumba vya chini ya ardhi, watu mia wamesongamana. Mwaka wa tano niliingia ukumbi ambao safu ya mwisho sikuiona. Mwaka wa tisa mpiga besi alioa, na baba mkwe hakutaka nywele za zambarau nyumbani kwake. Akaondoka, wakabaki watatu. Halafu kumbi zikaanza kupungua tena. Safu ya mbele walibaki wanawake wale wale, kila mmoja na nafasi yake aliyoishika tokea mwanzo na haiingiliwi na mtu, sasa wana watoto na miwani. Walikuwa wakinijua. Wakinipa keki.

Nimefika kwa Tsuyu, na yeye ndiye niliyekusudia kumwandika. Jina hilo ni la jukwaani, maana yake umande. Jina alilopewa na mamake nalijua na sitaliandika. Katika muziki wao kuna desturi ngumu: uso ule wa rangi ndio uso wako. Shabiki asikuone bila ya rangi, na Tsuyu alishika desturi hiyo kupita wenziwe, hata Goro na Ibuki hakutaka wamuone. Aliamka mwanzo, akafunga mlango, akatoka chumbani kashapaka. Goro aliwahi kunambia hajui kama mwenzake ana doa shavuni au hana. Mimi nikijua, kwa sababu nilikuwa na kanuni yangu: rangi isiguse kitambaa. Atakayekuja kupimwa aje kashaosha uso. Kwa hiyo duniani ni mimi tu, pamoja na watu wa nyumbani kwao, niliyekuwa nikimuona mtu yule kama Mungu alivyomuumba.

Alikuja kwetu kijana wa miaka ishirini na nne. Kiswahili alijifunza kwenye kibaraza cha karakana, na alijifunza Kiunguja hasa, si kile cha vitabuni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Ushakula?"

"Nshakula, lakini urojo nkipewa skatai."

Bakuli mbili za mchuzi ule wa maembe na bajia, kila siku. Mke wangu, Bi Zeyana, alikuwa akimtilia na kachori ya ziada. Nina watoto wangu wanne wa kuzaa, na sioni tabu kusema kwamba yeye nilimpenda kama wao.

Mwaka wa kumi na sita walikuja Bububu mapema, mwezi wa kumi na mbili. Tsuyu akaja kupimwa. Tulipoachana mwezi wa sita, mwisho wa ziara, kiuno chake kilikuwa inchi ishirini na tisa. Sasa utepe ulisema ishirini na saba. Nikapima tena nikidhani umejikunja. Nikaandika, nikanyamaza, kama nilivyofunzwa. Baada ya wiki tatu, ishirini na tano na nusu. Na macho yake, yakiwa hayana vile vioo vya rangi wanavyovaa, yalikuwa ya manjano. Urojo aliuacha nusu bakuli.

"Tsuyu, unaumwa."

"Nimechoka tu, fundi."

"Kuchoka hakuli inchi tatu na nusu."

Akakaa kwenye kigoda, shati mkononi, mbavu zinahesabika. "Tumbo," akasema. "Tokea mwezi wa nane."

"Umekwenda hospitali?"

"Baba yangu alikwenda kwa miguu yake, akatoka ndani ya sanduku. Nsikilize fundi. Watu hawajai tena kama zamani. Ziara hii ikivunjika hatutaitwa tena, na Goro na Ibuki hawajui kazi nyengine. Nipe miezi mitatu. Onyesho la mwisho likimalizika, siku ya pili yake ntakwenda. Ila wasijue. Tia sponji."

"Sponji?"

"Mabegani, kifuani, mapajani. Nionekane vilevile. Na uniapie."

Nikamuapia. Kwa mdomo wangu huu nilisema wallahi simwambii mtu.

Niliichana sponji nyembamba nyembamba, nikaitia baina ya kitambaa na bitana ya joho lake la jukwaani, kizibao na suruali, nikaipunguza kingoni isionekane inapoanzia. Bega nililifuata kwa kipimo cha zamani. Paja likitembea, sponji inatembea nalo. Fundi mwenzangu asingegundua bila ya kushika. Katika maisha yangu sijafanya kazi nzuri kuliko ile, na ndiyo pekee ninayoionea haya.

Siku aliyovaa mara ya kwanza, Goro alimpiga kofi la bega, kofi likazama. "Bububu imemnenepesha!" akapiga kelele. Ibuki akacheka, Tsuyu akacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Wiki ikapita, nikaongeza sponji. Nyengine ikapita, nikaongeza tena. Mara ya tatu nilikwenda sokoni Darajani nikarudi na kipande cha godoro. Zeyana alinikuta nakikata.

"Unamshonea nani godoro?"

Niliendelea kukata. Lakini nimeishi na mwanamke yule miaka thelathini na tano baina ya nguo za watu, haelezwi kitu. Alilichukua joho, akabonyeza bega, akabonyeza kifua. Akakaa kitako.

"Makame, huyu mtoto anakwisha."

"Nimeapa."

"Mficha maradhi kilio humfichua. Na siku ya kilio hicho weye utasimama wapi? Utamwambia mamake mie nlikuwa natia sponji?"

"Kipimo cha mtu ni amana, Zeyana, unajua."

"Amana ni roho yake, si kiuno chake! Lo! Mtu mzima, kastabini kidoleni, unakuwa mjinga hivi!"

Akaniachia joho mapajani akenda zake jikoni, na chakula cha mchana siku ile nilijipakulia mwenyewe.

Siku mbili nilifikiri. Naweza kuvunja kiapo nikatoa kafara, dini imeweka njia. Lakini nikimwambia Ibuki, Ibuki atakwenda kumtazama Tsuyu. Ataona uso wenye rangi, mabega yaliyojaa, mapaja yaliyojaa, na mwenyewe atamwambia fundi kazeeka. Kazi yangu mwenyewe ingenikadhibisha. Nilikuwa nimemficha hata mimi nisingeweza kumfichua kwa maneno.

Basi baada ya sala ya alfajiri nilifungua karakana, nikakaa na wembe nikafumua kila mshono. Nikaitoa sponji yote, ilijaa gunia. Halafu nikalikata joho upya, na kizibao, na suruali, kwa kipimo cha wiki ile: kiuno ishirini na nne, kifua sitaki kukiandika. Saa sita mchana nilikuwa nimemaliza. Mishono miwili imepinda, nendeni mkaiangalie, joho waliniachia, lipo kabatini.

Alasiri ile kulikuwa na mazoezi makubwa Bububu: nguo zote, rangi zote, taa zote, kwa sababu kwao mazoezi bila ya nguo ni kelele tu. Mwanzo wa onyesho hulia kengele za kurikodiwa, saba, na ya saba Tsuyu hutokeza kwenye pazia. Nilimvisha nyuma ya pazia kama siku zote. Kengele zilikuwa zimeanza. Alitia mkono wa kwanza, akatia wa pili, nikamfunga kulabu. Akajipapasa bega.

"Sponji iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Irudishe."

"Siirudishi."

Kengele ya nne ikalia.

"Uliapa, fundi."

"Sijasema neno na mtu. Nimekushonea kwa kipimo chako, basi."

Ya tano. Ya sita. Angeweza kubaki pale pale. Lakini mtu yule katika miaka kumi na sita hakuwahi kuikosa kengele ya saba, na siku ile pia hakuikosa. Alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza, akapita pazia.

Goro, ambaye umeme uliwahi kukatika akaendelea kupiga gizani mpaka ukarudi, alisimamisha vijiti hewani. Ibuki akageuka kumgombeza, akaona anatazama nini, naye akageuka. Joho lilikuwa limeshika lilichokishika: mifupa. Taa zilikuwa kali, hapakuwa na pa kujificha. Ibuki akaweka gitaa chini, akamfuata, akamshika mkono juu ya kiwiko, na vidole vyake vikazunguka vikakutana. Akanyanyua pindo la gauni lake, lile nililolipasua mimi, akaanza kumpangusa rangi ya uso. Tsuyu akajaribu kumsukuma, hana nguvu. Rangi nyeupe ikatoka, chini yake manjano. Ndiyo mara ya kwanza wale wawili kuuona uso wa mwenzao. Goro akawa analia kwa sauti kama mtoto, akamnyanyua, akatoka naye mpaka kwenye gari akiwa amevaa mapembe yake ya jukwaani kichwani.

Daktari wa mjini hakuzunguka. Alisema mtu huyu haimbi, mtu huyu anapanda ndege. Baada ya siku mbili wakaondoka. Nilikwenda kuwaaga. Tsuyu alikuwa kiti cha nyuma, uso mtupu, dirisha liko wazi.

"Nlikuamini weye peke yako," akanambia.

"Najua, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Akapandisha kioo. Miaka yote ile hakuwahi kunipita bila ya shikamoo. Nilirudi Jang'ombe, nikafunga siku tatu kafara ya kiapo, kwa sababu sheikh wa mtaani niliyemuuliza alinijibu kwamba kusema kwa sindano ni kusema. Sikubishana naye.

Walimpasua, wakakata sehemu ya ndani, akakaa hospitali miezi. Ibuki aliniandikia kwamba madaktari wamesema angechelewa kidogo tu kusingekuwa na cha kukata. Nilichukua kalenda nikazitazama wiki nilizotia sponji, zilikuwa tano. Wiki moja moja nikaitia kidole. Kama mnataka kujua kosa langu la kazi, hilo. Kumvua mbele ya wenziwe nitakufanya tena leo hii. Zile wiki tano ndizo ninazoziombea msamaha kila nikisali. Kwa hiyo vijana, kipimo cha mtu ni amana, msikitaje barazani. Lakini akija anayepungua wiki baada ya wiki, wekeni mkasi chini mwende naye kwa daktari, anune asinune.

Ziara ilivunjika na kundi likavunjika nayo. Ibuki anafundisha watoto gitaa. Goro anaendesha gari la kubeba mizigo na anasema ngoma anazipiga kwenye usukani. Hawajanilaumu hata siku moja. Tsuyu nilimwandikia barua nne, Ibuki akazipeleka kwa mkono wake. Hakuna jibu. Kila Idi nikimtumia salamu, hakuna jibu. Zeyana huniambia muachie, atakuja kuelewa. Mimi nishaacha kungojea aelewe. Nikingojea kusikia kwamba yuko hai, basi.

Mwezi uliopita Ibuki alituma picha kwenye simu. Tsuyu yuko nyuma ya kaunta, duka la vyombo vya udongo la kakake, mji wao wa kuzaliwa. Uso mtupu mchana kweupe, hana rangi hata tone. Ibuki kaandika: nilimwambia picha hii naipeleka kwako, hakujibu, lakini hakuondoka mbele ya kamera.

Zeyana akanipokonya simu, akaisogeza karibu. "Bado kanuna," akasema.

Nikaichukua tena simu, nikavaa miwani juu ya miwani. Nikaikuza picha kwa vidole viwili kama vijana walivyonifunza. Uso sikuutazama sana. Nilitazama shati. Kifungo cha tatu kutoka juu kimekazana, kitambaa kimevutika kulia na kushoto, na chini yake, penye tumbo, pameachana kidogo, fulana inaonekana. Nilianza kulia pale pale karakana, mbele ya mke wangu na mbele ya vijana wote, wala sikugeuza uso.

"Una nini tena, Makame?"

"Shati limembana," nikamwambia. "Hebu tazama, Zeyana. Limembana."